Kidato cha Ziada

Tulikuwa watano, kila Alhamisi,
juu ya duka la kufuli mtaa wa Germain,
katika mji wa Saint John, ambako mto
hurudi nyuma mara mbili kwa siku,
bahari ikiusukuma kifuani,
na hakuna anayeshangaa.

Odette alifua mashuka ya hospitali usiku.
Hadithi zake aliziandika nyuma ya stakabadhi za dobi,
herufi ndogo kama mchwa wanaohama,
na kabla ya kusoma alitanguliza radhi:
hii bado mbichi, hii si kitu, hii mtanisamehe.
Kisha akasoma habari ya mwanamke
aliyesikia ukuta wa jikoni ukimeza mate,
na Murdo, fundi wa boila, kilo mia na ushei,
akaomba tusizime taa ya ngazini.

Mimi niliandika mapango.
Miungu yenye macho mengi, vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya mtu.
Vivumishi nilikuwa navyo kama mwenye duka alivyo na bisibisi.
Hakuna aliyeomba taa iachwe.

Nasema haya sasa kwa kuwa nimefika umri
wa kuiita husuda kwa jina lake la nyumbani.

Barua ilikuja Februari, theluji ikiwa magotini:
hadithi ya Odette imo katika fainali, tuzo itatolewa Halifax.
Tukapiga makofi. Yangu ndiyo yaliyovuma,
nanyi mnalijua debe la namna hiyo.
Yeye aliigeuza barua upande wa nyuma,
akatafuta palipoandikwa kwamba wamekosea.
"Kuna Odette Thibodeau mwingine, yuko Moncton. Ndiye huyo."
Akampigia simu kweli, yule wa Moncton:
mwalimu wa kuogelea, hajawahi kuandika
ila orodha ya vitu vya dukani.
Hata hapo hakuridhika.

Tulimsindikiza kwa gari la Murdo.
Ukumbini, watu waliokosesha usingizi nusu ya nchi
walisimama kando ya meza ya jibini,
wakisoma kadi za majina vifuani mwa wenzao
kisha wakitazama mlango.
Mzee Alasdair Quigg, mwenye vitabu kumi na tisa,
niliyemsoma utotoni kwa tochi ndani ya blanketi,
alinishika kiwiko akaninong'oneza:
unadhani bado wananisoma,
au wananinunua kwa mazoea tu?
Nilimjibu. Hakusikiliza.
Alishakwenda kumuuliza mhudumu wa mvinyo.

Jina la mshindi walilikosea: Odile.
Akapanda jukwaani hivyo hivyo, kama Odile,
akasema asante, akashuka,
na njiani akaipakata ile sanamu ya shaba kwa ncha za vidole,
mtoto wa jirani, asije akaamka.
"Wamempa Odile," alisema.
Tukacheka hadi Sussex.
Kisha kimya, na vipangusio vya kioo.

Hapo akageuka,
akanitazama nyuma, gizani.
"Ile yako ya ngazi, uliyoichana mwaka juzi.
Mtu anahesabu vidato vya ngazi ya kwake
na kuna kimoja cha ziada.
Sijaacha kuhesabu. Kila alfajiri nikitoka kazini.
Kumi na vinne.
Siku nikipata kumi na vitano nitakulaani."

Nilikuwa nimeisahau. Haikuwa na mungu wala pango.
Niliiandika nikisubiri viazi viive.

Murdo, macho barabarani, akauliza:
kumi na vinne pamoja na kile cha chini kabisa, au bila?
Hakuna aliyemjibu.

Sijapata tuzo hadi leo. Odette anazo tatu,
na kila moja ameitafutia kosa lake.

Usiku ule tulipovuka daraja
mto ulikuwa umekwisha kugeuka.
Waliniteremsha mlangoni, wakaondoka.
Nikasimama chini ya ngazi zangu, funguo mkononi,
muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima,
kisha nikanyanyua mguu.
Kimoja.